Baa ya mtaani na bendi yake: Nani hulipia muziki wa dansi Mwanza?

JIJI la Mwanza limezoeleka kwa mambo matatu: mawe, samaki na ziwa. Jambo la nne, ambalo halitajwi mara nyingi katika vipeperushi vya utalii, ni muziki wa bendi unaopigwa katika baa za mitaani. Hizi si kumbi kubwa za starehe. Ni baa zenye ua wa kokoto au saruji, meza za plastiki, jiko la nyama na samaki pembeni, na jukwaa dogo ambalo wapiga gitaa, tumba na dramu hukaa wakigusana mabega.

Katika baa ya namna hiyo wateja wengi wanafahamiana. Mwenye duka la jirani, fundi wa mitumbwi, mwalimu, muuguzi na dereva wa daladala hukaa meza zinazofuatana, na mwimbaji anawajua kwa majina. Mteja anaweza kuomba wimbo wa zamani na akapigiwa kabla hajamaliza chupa yake. Hapo ndipo wanamuziki wengi wa kanda hiyo hujifunzia kazi, na hapo ndipo nyimbo zilizorekodiwa miaka 40 au 50 iliyopita huendelea kusikika zikipigwa na watu walio hai.

Hata hivyo, baa za aina hiyo zinaishi kwa tabu. Nyingi nchini zimebadilisha bendi na kuweka DJ, mpiga kinanda mmoja au televisheni kubwa ya kuonyeshea mpira. Swali linaloulizwa na wapenzi wa dansi ni moja: ikiwa watu bado wanaupenda muziki huo, kwa nini bendi zinaondoka? Jibu lake limo katika hesabu za usiku mmoja, katika historia ya umiliki wa vyombo, na katika sheria zinazogusa usingizi wa majirani.

Mashindano kabla ya gitaa

Ukanda wa kusini mwa Ziwa Victoria ulikuwa na utaratibu wake wa burudani kabla ya gitaa kufika. Wasukuma wana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake inahusishwa na waganga wawili waliokuwa mahasimu katika karne ya 19, Ngika na Gumha. Vyama hivyo hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Mshindi hapatikani kwa alama za majaji. Anayevuta watazamaji wengi zaidi ndiye aliyeshinda.

Mashindano hayo bado hufanyika kila mwaka, hasa katika sikukuu ya Bulabo huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, mahali palipo makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri David Clement. Ushindani huo wa kuvutana watazamaji ulichunguzwa kwa kina katika kitabu cha "Mashindano!", kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz na kuchapishwa mwaka 2000 na Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam.

Kanuni hiyo ya uwanjani ndiyo inayotawala baa mbili zinazotazamana katika mtaa mmoja. Bendi ikilegea, wateja huhama na viti vyao vya akilini kabla ya kuhama kwa miguu. Ndiyo maana hata jijini Dar es Salaam, upinzani wa Msondo Ngoma na Sikinde ulidumu miongo mingi na kuwagawa mashabiki kama upinzani wa Simba na Yanga. Jina lenyewe la Sikinde limetokana na ngoma ya Wazaramo.

Gitaa, tarumbeta na santuri vilifika bara kwa njia za biashara. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na meli za ziwani ziliunganisha bandari ya Mwanza na Bukoba, Musoma, Kisumu na bandari za Uganda. Tabora, iliyokuwa njiapanda ya reli za kwenda Kigoma na Mwanza, ikawa mji wa muziki uliotoa Kiko Kids na Tabora Jazz. Kutoka Nzega alitokea Iddi Nhende, aliyeanzisha Western Jazz jijini Dar es Salaam mwaka 1959 na kuipa jina la jimbo alikotoka. Kutoka Kongo walikuja wanamuziki walioleta rumba na uchezaji wa sebene. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akaishi nchini hadi alipofariki dunia Desemba 2010.

Upande wa mashariki wa ziwa ulikuwa na sauti nyingine. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, katika mkoa wa sasa wa Mara, alivuka mpaka na kuwa miongoni mwa waasisi wakubwa wa benga nchini Kenya. Bendi yake aliiita Shirati Jazz, kwa jina la kwao. Alifariki kwa ajali ya gari mjini Kisumu Mei 2006. Kwa hiyo mpiga gitaa wa Mwanza amekuwa akisikia mitindo mitatu kwa wakati mmoja: dansi kutoka Dar es Salaam na Tabora, rumba kutoka Kongo, na benga kutoka Mara na Kisumu.

Mwenye vyombo ndiye mwenye bendi

Ili kuelewa tabu ya leo, ni lazima kufahamu nani alikuwa akinunua vyombo. Bendi za kwanza za miaka ya 1930 hadi 1950, kama Dar es Salaam Jazz iliyoanza mwaka 1932, zilifanana na vyama. Wanachama walichanga fedha, wakanunua magitaa na matarumbeta, na wakacheza dansi kwa ajili ya wenzao. Wengi wao walikuwa na kazi nyingine mchana.

Baada ya uhuru, jukumu hilo lilihamia kwa taasisi za umma. Chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake mwaka 1964. Bendi hiyo ilibadili jina kadiri chama kilivyobadilika, ikawa Juwata, kisha Ottu, na hatimaye Msondo Ngoma. Jeshi, Polisi, Magereza, JKT, umoja wa vijana, shirika la bima na kiwanda cha nguo cha Urafiki navyo vikawa na bendi. Mwanamuziki aliajiriwa, akapata mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri.

Mfano wa Mlimani Park una somo la pekee. Bendi hiyo ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na ikachukua jina la baa ilimokuwa ikipiga. Mwaka 1983 ikaingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, ambalo nalo lilikuwa na kumbi za kuuzia bia. Bia na bendi vilikuwa chini ya mwenyeji mmoja. Faida ya chupa ilinunua nyuzi za gitaa, na gitaa liliuza chupa.

Mfumo huo ulisaidiwa na redio. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Radio Tanzania Dar es Salaam ilitoa kipaumbele kwa muziki wa nchini na kuacha kupiga muziki wa kigeni. Bendi za mikoani zilisafiri kwenda kurekodi, wimbo ukarushwa nchi nzima, na bendi iliporudi au kutembelea miji mingine ilikuta watu wanaufahamu. Nchi haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, hivyo kipato cha kweli kilitoka jukwaani.

Katika miaka ya 1990 nguzo hizo zilitikisika. Mashirika ya umma yalibinafsishwa au yakafa, na bendi zikawa mzigo wa kwanza kutuliwa. Redio binafsi zilianza mwaka 1994, na Mwanza ikapata Radio Free Africa, iliyosikika mbali nje ya Kanda ya Ziwa. Redio hizo zilifungua mlango kwa muziki wa kizazi kipya, ambao ulihitaji kompyuta na kipaza sauti badala ya watu kumi wenye vyombo. Bendi zilizobaki zilirudi kwa mlezi mmoja: mwenye baa.

Tangu hapo, katika baa nyingi za mitaani, vyombo ni mali ya mwenye baa au vya kukodi. Anayemiliki spika, magitaa na dramu ndiye anayeamua bendi ipige siku gani, ipige nini na iitwe nani. Mwanamuziki asiye na gitaa lake hana sauti katika mapatano. Akigombana na tajiri, anaondoka mikono mitupu, na kesho yake tajiri anaweza kutafuta mwingine wa kushika gitaa lile lile. Hii ndiyo sababu majina ya bendi hudumu huku wanamuziki wake wakibadilika kila mwaka. Jijini Mwanza, Super Kamanyola ni miongoni mwa majina yaliyozoeleka kwa wapenzi wa dansi.

Hesabu ya usiku mmoja

Mwenye baa hafungui milango kwa ajili ya sanaa peke yake. Mfano ufuatao ni wa kufikirika, lakini unaonyesha jinsi hesabu inavyokwenda.

Chukulia baa ambayo kila chupa inaacha faida ya Sh500. Ijumaa isiyo na muziki wowote inapata wateja 60, kila mmoja akinywa chupa tatu. Hizo ni chupa 180, sawa na faida ya Sh90,000. Ijumaa yenye bendi, bila kiingilio, inapata wateja 140 wanaokaa muda mrefu zaidi na kunywa chupa nne kila mmoja. Hizo ni chupa 560, sawa na Sh280,000. Bendi ina watu tisa, kila mmoja analipwa Sh20,000, jumla Sh180,000. Mwenye baa anabaki na Sh100,000. Amewahudumia watu zaidi ya mara mbili, ameongeza wahudumu, ametumia umeme mwingi, na tofauti na usiku wa kimya ni Sh10,000 tu.

Akiweka kiingilio cha Sh1,000, huenda wateja wakapungua hadi 70, kwa kuwa mkazi wa mtaani hapendi kulipa mlangoni mahali anapopita kila siku. Chupa 280 zinampa Sh140,000, na mlango Sh70,000, jumla Sh210,000. Akilipa bendi anabaki na Sh30,000. Usiku wa kimya ulikuwa bora kuliko huo.

Sasa aje mpiga kinanda mmoja mwenye midundo iliyorekodiwa, anayelipwa Sh30,000. Wateja wakifika 100 na kunywa chupa tatu kila mmoja, faida ni Sh150,000, na baada ya malipo inabaki Sh120,000. Kwa hesabu hiyo kinanda kinaishinda bendi ingawa kimevuta watu wachache. Wala si kwamba watu wamekipenda zaidi.

Hapo ndipo ulipo moyo wa tatizo. Bendi ya watu tisa inazalisha msisimko mkubwa kuliko mpiga kinanda, lakini sehemu kubwa ya thamani yake haipiti katika droo ya mwenye baa. Mchoma nyama anayekodi kona ya ua, mama anayekaanga sato nje ya geti, bodaboda wanaosubiri abiria na mwenye kibanda cha vocha wote hufaidika na bendi, na hakuna kati yao anayeilipa. Baa inayouza chakula yenyewe, badala ya kumwachia mpangaji, huwa na nafasi nzuri zaidi ya kumudu bendi, kwa sababu faida ya jikoni nayo huingia katika hesabu.

Mcheza kwao hutunzwa

Wanamuziki wenyewe wamejibu upungufu huo kwa njia ya kale: kutuzwa. Mteja anayeguswa na wimbo huinuka, akacheza hadi jukwaani, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso au kuidondosha kwenye chombo kilichowekwa mbele. Katika usiku mzuri, tuzo hizo huweza kuwa kubwa kuliko malipo ya baa.

Jirani wa upande wa pili wa ziwa wameligeuza jambo hilo kuwa sanaa kamili. Katika baa za benga na ohangla za Kisumu na Nyanza, mteja hulipa ili asimamishe wimbo na kujisifu, au kumsifu rafiki, mkwe au kijiji chake, desturi ambayo Wajaluo huiita pakruok. Kongo nako kuna mabanga, yaani kulipia jina litajwe katika wimbo. Bendi za Dar es Salaam, ikiwamo African Stars iliyojulikana kama Twanga Pepeta, nazo zilisikika zikitaja majina ya wafadhili na marafiki katikati ya nyimbo.

Utaratibu huo una faida na hasara. Faida yake ni kwamba fedha humfikia mwanamuziki moja kwa moja, na humfanya ajue watu wake. Hasara yake ni kwamba anayepata zaidi ni mwimbaji aliye mbele, huku mpiga besi na mpiga dramu, ambao bila wao hakuna wimbo, wakikaa nyuma bila kuonekana. Bendi zinazodumu ni zile ambazo hukusanya tuzo zote katika chombo kimoja na kuzigawa mwisho wa usiku. Bendi nyingi zimevunjika kwa ugomvi wa noti za tuzo, na wala si kwa kukosa wateja.

Kalenda ya ziwa

Baa ya mtaani Mwanza haiishi kwa kalenda ya ofisini peke yake. Mwisho wa mwezi huleta watumishi wenye mishahara, na Januari, mwezi wa mahitaji ya shule, hukausha mifuko. Lakini ziwa nalo lina mwezi wake.

Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na taa hizo huvuta dagaa vizuri wakati anga lina giza. Mwezi unapokuwa mpevu, mwanga wake hushindana na taa, uvuvi hupungua, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo siku za mbalamwezi ndizo siku za mapumziko katika mialo na visiwa, na baa za maeneo ya mwambao huzingatia hilo zinapopanga burudani. Bendi inayokwenda mwaloni wakati wa giza hukuta mitumbwi imo majini na viti vitupu.

Uchumi wa samaki umekuwa ukipandisha na kushusha burudani za Mwanza kwa njia nyingine pia. Viwanda vya minofu ya sangara vilivyostawi katika miaka ya 1990 vilileta fedha mjini, na vikwazo vya soko la Ulaya dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria mwishoni mwa muongo huo vilionyesha jinsi fedha hizo zinavyoweza kukatika ghafla. Mgodi wa dhahabu wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, uliongeza soko jipya upande wa magharibi wa ghuba. Kwa miaka mingi bendi kutoka Mwanza ililazimika kupanga foleni ya kivuko cha Kigongo na Busisi ikiwa na spika juu ya gari. Daraja la urefu wa kilomita tatu lililozinduliwa Juni 2025 limeondoa adha hiyo, na kuiwezesha bendi kupiga Sengerema au Geita na kurudi bila kuhofia kufungiwa ng'ambo.

Kalenda ya tatu ni ya mpira. Mechi za Ligi Kuu ya England na zile za Simba na Yanga hujaza baa jioni za wikiendi. Bendi haiwezi kushindana na penalti. Baa zenye busara hupanga bendi ianze baada ya filimbi ya mwisho, au huihamishia Jumapili mchana katika kile kinachoitwa bonanza, ambapo familia huja, watoto hunywa soda, na muziki hukoma mapema.

Kelele ni za nani?

Tatizo jingine limo masikioni mwa majirani. Mwanza ni mji wa vilima vya mawe, na nyumba za maeneo kama Mabatini, Igogo na Kirumba zimepanda milima hadi juu. Baa iliyo bondeni hupiga muziki kuelekea juu, na nyumba ya kilimani hupokea sauti bila kizuizi chochote katikati. Mawe makubwa hayanyonyi sauti. Huirudisha.

Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu. Kinachosumbua zaidi ni besi na dramu, kwani mawimbi yake marefu hupenya kuta na mabati ambayo huzuia sauti nyembamba. Usiku nao huleta jambo la ziada: hewa iliyo karibu na ardhi hupoa mapema kuliko ya juu yake, na sauti iliyokuwa ikipotelea angani hupindishwa kurudi chini. Ndiyo sababu bendi isiyosikika saa kumi alasiri huweza kusikika waziwazi saa tano usiku katika mtaa wa tatu, ingawa fundi mitambo hajagusa kitufe.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za udhibiti wa kelele na mitetemo za mwaka 2015, hulipa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) uwezo wa kutoza faini na kufunga maeneo yanayozidisha sauti. Mwaka 2022 baraza hilo lilifungia baa na kumbi kadhaa nchini kwa kosa hilo. Malalamiko ya majirani hayakuwa ya kubuni: mgonjwa, mtoto mchanga na mwanafunzi wa mtihani wana haki ya kulala.

Lakini adhabu inapokuja, huangukia bendi zaidi ya DJ. Sauti ya DJ hushushwa kwa kugeuza kitufe kimoja. Dramu na matarumbeta hayana kitufe, na wapigaji wakipandishiana sauti, kila mmoja akitaka asikike, jumla yake hupanda. Hapo ndipo utaalamu wa fundi mitambo na nidhamu ya wapigaji vinapohitajika. Kugeuza spika zitazame ndani ya ua badala ya barabarani, kuinua dramu kutoka kwenye sakafu ya saruji kwa zulia nene, kuweka ukuta wa matofali nyuma ya jukwaa na kupiga sehemu ya mwisho ya usiku bila dramu kubwa ni hatua ambazo gharama yake ni ndogo kuliko faini.

Nchi nyingine zimejiuliza nani alitangulia kufika. Jimbo la Victoria nchini Australia mwaka 2014, na Uingereza mwaka 2018, ziliingiza katika taratibu za mipango miji kanuni inayosema kwamba anayeleta mabadiliko ndiye anayebeba gharama. Anayejenga nyumba mpya karibu na ukumbi wa muziki wa siku nyingi huweka mwenyewe vizuia sauti, na anayefungua ukumbi mpya katikati ya nyumba hufanya vivyo hivyo. Kwa mji unaokua kwa kasi kama Mwanza, ambako makazi na biashara huchanganyika kabla ramani hazijachorwa, kanuni kama hiyo ingepunguza ugomvi mwingi.

Wimbo wa marehemu una mwenyewe

Bendi nyingi za mitaani hupiga kopi, yaani nyimbo za wengine, na wateja ndivyo wanavyotaka. Nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, na za Marijani Rajabu, aliyefariki mwaka 1995, bado huombwa usiku kwa usiku.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, iliweka ulinzi wa kazi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa maana hiyo nyimbo za Mbaraka bado zina wenyewe, na baa inayozitumia kuvuta wateja inapaswa kuwa na leseni na kulipa mirabaha. Wenye baa wengi huona malipo hayo kama kodi nyingine juu ya leseni ya vileo, ada za halmashauri na vibali vya burudani. Hata hivyo, mpiga gitaa wa leo anayelalamikia kutolipwa ni mtunzi wa kesho. Tungo anayoipiga kwa mara ya kwanza katika baa ya mtaani ndiyo ambayo familia yake ingeweza kuirithi.

Kuna mahali panapolipa

Baa ndogo ya muziki haijawahi kuwa biashara rahisi popote. Nchini Denmark, ambako hata miji midogo huwa na nyumba yake ya muziki, kumbi kadhaa za mikoani hupokea ruzuku ya serikali na halmashauri kwa mikataba ya miaka minne, na nyingi huendeshwa kwa msaada wa watu wa kujitolea wanaouza tiketi, kubeba spika na kufagia. Huko wamekubaliana kwamba ukumbi mdogo ni shule, na shule hailipwi na bia peke yake.

Tanzania iliwahi kuwa na wazo linalofanana na hilo. Mwalimu Julius Nyerere alipoanzisha Wizara ya Utamaduni na Vijana Desemba 1962, na mashirika ya umma yalipoajiri wapiga tarumbeta, taifa lilikuwa limekubali kulipia muziki wake. Mfumo ule ulikuwa na kasoro, ukiwamo udhibiti wa tungo na mirabaha isiyolipwa, na haitarajiwi kwamba utarudi. Lakini swali uliokuwa ukilijibu bado lipo, na kwa sasa limeachwa mezani kwa mwenye baa peke yake.

Kuna majibu madogo yasiyosubiri wizara. Wanamuziki wanaochanga na kununua vyombo vyao, kama walivyofanya wazee wa miaka ya 1930, huingia katika mapatano na mwenye baa wakiwa na nguvu. Bendi ya watu watano, yenye magitaa mawili, besi, tumba na mwimbaji, hugharimu karibu nusu ya bendi ya watu tisa na haiwaamshi majirani. Bonanza la Jumapili mchana huondoa ugomvi wa usiku. Makubaliano ya maandishi kati ya baa na majirani kuhusu saa ya kuzima mitambo hugharimu karatasi moja. Halmashauri nazo, ambazo huchukua ada za leseni, zinaweza kupunguza ada kwa baa inayoajiri wapigaji badala ya kupiga rekodi.

Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika ya UNESCO Desemba 2021. Heshima hiyo ilianzia katika baa za mitaa ya Kinshasa na Brazzaville, ambazo nazo zilikuwa na meza chache na jukwaa dogo. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kwa Mwanza, kazi iliyobaki ni kukubaliana ni nani wa kutunza, kwa kiasi gani, na muziki uzimwe saa ngapi ili kesho uruhusiwe kuwashwa tena.